Mstari wa Waliobaki

Haya yalimpata Zamda binti Mrisho katika siku tisa alizokaa Ukongweni, nami nayaeleza kama alivyoyaeleza mwenyewe aliporudi, bila kuyatia chumvi.

Zamda alikuwa fundi wa kujalidi vitabu mjini Ujiji. Watu walimletea misahafu iliyochanika na barua za mababu zao, naye akavishona na kuvivika majalada mapya. Lakini sifa yake ilienea kwa jambo jingine: aliujua umri wa karatasi. Aliishika, akaiinua mwangani, akainusa, kisha akasema ni ya lini, na hakukosea kwa zaidi ya miaka mitano. Kipawa hicho hakikumfurahisha kila mara. Mzee mmoja wa Kasulu aliwahi kumletea kitabu cha dawa alichoamini ni cha babu wa babu yake. Zamda akamwambia ukweli, kwamba hakijafikisha hata miaka thelathini. Yule mzee alikiacha mezani akaondoka, wala hakurudi kukichukua.

Basi ikaja barua kutoka kwa Msajili Mkuu wa Imani wa Ukongweni. Ilimwomba aende akapime kitabu kimoja, kwa kuwa nchini humo hakupatikana mtu aliye tayari kusema kwamba kitu chochote ni kipya. Zamda akafunga karakana yake, akaenda.

Ukongweni ni nchi inayoheshimu umri kuliko kitu kingine chochote. Watu wakikutana hawaulizani hali, huulizana nyumba zao zina miaka mingapi. Zamda alipojibu kwamba karakana yake ina miaka kumi na miwili, mwenyeji wake alimshika mkono kwa huruma, akamwambia, "Pole sana, dada. Itapita." Waashi wa huko husifiwa kwa ustadi wa kuchora nyufa kwenye ukuta ambao plasta yake haijakauka. Mgeni wa heshima huandaliwa mkate wa juzi. Ule wa moto huliwa jikoni, mlango ukiwa umefungwa. Mtoto akizaliwa huitwa Mzee mpaka azeeke kweli, ndipo huruhusiwa kutumia jina lake. Na maofisa wa serikali, hata wale wa miaka thelathini, hukohoa kabla ya kusema, ili ionekane wameishi. Pamoja na yote hayo Zamda aliwaona ni watu wema, wapole kwa wageni na wasiopenda ugomvi wa wazi.

Msajili Mkuu, Bwana Habuki, alimpokea ofisini kwake asubuhi ya pili. Alikuwa mtu mnyenyekevu mwenye macho ya kuchoka. Akakohoa, akamfungulia Daftari Kuu.

"Sheria ya Umri inasema hivi," akaanza. "Imani isiyofikisha miaka mia tatu si imani, ni kikundi. Kikundi hakifungishi ndoa, wala hakiweki alama yake kaburini."

Zamda akafunua kurasa. Dini mbili kubwa za nchi zilijaza kurasa nyingi, kila tawi na mstari wake. Chini kabisa ya ukurasa wa mwisho kulikuwa na mstari mmoja uliobanwa, umeandikwa: *Waliobaki*.

"Hawa ni akina nani?"

"Wanaoabudu miungu ya kale. Kuna wa kisima, wa msitu, wa mwezi, wa mizimu ya mababu. Nyumba zao ni kumi na moja, na hazifanani. Lakini karani aliyewaandika alibakiwa na mstari mmoja tu, akawatia wote humo. Walio wengi zaidi ni Nyumba ya Duara, kwa hiyo mstari umesajiliwa kwa jina lao na kwa umri wa kitabu chao, miaka mia saba. Sisi huwaita wote Waduara. Ni rahisi."

"Na wenyewe wanakubali?"

Bwana Habuki akakohoa tena, safari hii kikohozi cha kweli. "Ndiyo maana tumekuita. Watu wa Jiwe, ambao ni Nyumba ndogo, wameleta shauri. Wanasema wao si Waduara, na tena wanasema kitabu cha Duara ni cha kughushi. Shauri litasikilizwa keshokutwa."

Mchana ule Zamda akaenda Nyumba ya Duara. Mkuu wake alikuwa Bi Lindasa, mwanamke mfupi wa miaka sabini na minane mwenye shali ya kijani. Alimkaribisha kwa mkate uliotoka jikoni wakati ule ule, ungali unafuka, na mlango hakuufunga. Kisha akamletea kitabu kwa mikono miwili na kukiweka mezani.

Zamda akasema bismillahi, kama afanyavyo kwa kila kitabu, akakifungua. Karatasi zilikuwa za kahawia na zilinuka moshi. Akauinua ukurasa mmoja mwangani, akaona ndani yake alama hafifu ya kiwanda. Ukahawia ulikuwa mzito katikati na mwepesi pembeni, na uzee haufanyi hivyo. Kisha akatazama matundu ya wadudu. Mdudu wa kweli hupinda njia, hula hapa akaacha pale. Matundu haya yalipita moja kwa moja kutoka jalada hadi jalada, yamenyooka kama njia ya sindano ya moto.

Aliinua macho, akamkuta Bi Lindasa anamtazama.

"Umeona," akasema yule mama.

"Nimeona."

"Chai niliichemsha mimi." Bi Lindasa akakaa. "Nilikuwa na miaka kumi na minane. Mwalimu wetu, Bwana Faragi, alikuwa karani wa forodha aliyestaafu. Alikiandika mwenyewe kitabu hiki. Mengine aliyachukua kwenye vitabu vya watu, mengine kwenye nyimbo za bibi vizee, na mengine yalitoka kichwani mwake. Tukazilaza kurasa kwenye sinia la chai, tukazianika juu ya moshi. Watu walikuwa wanakuja mlangoni kwetu, mwanangu. Watu wanaoupenda mwezi na mvua na hawajui pa kwenda kusema hivyo. Sheria ikasema bila umri hatuwezi kuwazika. Basi tukajipa umri."

"Na maneno yenyewe? Unayaamini?"

"Mume wangu alipofariki sikuweza kusimama. Maneno haya yakanisimamisha. Sina kipimo kingine." Akakigusa kitabu kwa ncha ya kidole. "Ningekuomba keshokutwa useme... Hapana. Sikuombi kitu. Kula mkate, unapoa."

Zamda akala.

Kesho yake akaenda kwa Watu wa Jiwe. Mkuu wao, Bwana Torogo, alikuwa na miaka hamsini na mitano, mrefu, mkavu, mwenye tabia ya kusahihisha kila neno la mwenzake. Alimpeleka kwenye chumba kilichopakwa chokaa, akafunua kitambaa cheupe. Chini yake palikuwa na kipande cha jiwe jeusi chenye maandishi, pembe moja imevunjika.

"Miaka elfu mbili," akasema. "Si mia saba ya kupikwa. Nimetumia nusu ya maisha yangu kuisoma herufi moja moja. Hapa pana jina la Mama wa Kisima. Hapa pana siku zake za kufunga."

Aliligusa kama mtu anayegusa paji la uso la mtoto mwenye homa, na Zamda akampenda kwa hilo. Akaomba kuona kijitabu cha ibada yao. Akakisoma polepole. Kabla ya sala waumini walisimama kwa duara, wakageukia pembe nne za dunia, kisha wakanyamaza kwa pumzi saba.

"Bwana Torogo, haya ya pembe nne na pumzi saba yako wapi kwenye jiwe?"

Yule bwana akalifunika jiwe lake tena kwa kitambaa. Akakinyoosha kila pembe.

"Hayako," akasema. "Nilikaa Nyumba ya Duara miaka tisa. Sisi wengi tulipita mlango ule kwanza, hapakuwa na mlango mwingine. Niliingia kijana asiyejua hata kukaa kimya, na Bi Lindasa akanifundisha."

"Kwa nini ulitoka?"

"Kwa sababu kwao miungu wote wa kike ni mmoja. Mama wa Kisima ana jina lake, ana hasira zake, ana chakula asichokila. Wao wakalitia jina hilo kwenye wimbo pamoja na mengine tisa, kama shanga kwenye uzi. Nikamwambia Bi Lindasa hilo linaniumiza. Akacheka." Sauti yake ikawa ya chini. "Mwaka juzi mke wangu alifariki. Alimtumikia Mama wa Kisima maisha yake yote. Maofisa walikuja na patasi wakachonga duara kwenye kaburi lake, kwa kuwa daftari linasema sisi ni Waduara. Kila nikienda kumtembelea naikuta alama ya watu wengine juu ya kichwa chake. Sasa niambie, fundi, nimekosa kulalamika?"

Zamda akamwambia hakukosa. Akarudi alikofikia akiwa na uzito ambao hakuja nao, kwa maana kila nyumba aliyoingia alitoka akiwa upande wake.

Siku ya shauri ukumbi ulijaa. Nyumba zote kumi na moja zilikuja, na kila moja ikakaa kwa kujitenga kidogo na jirani yake. Bwana Habuki akakohoa, makarani wakakohoa baada yake kwa vyeo vyao, ndipo Zamda akaitwa mbele.

"Fundi, kitabu hiki kina umri gani?"

Bi Lindasa alikuwa mstari wa mbele, mikono mapajani. Ng'ambo ya pili Bwana Torogo alikuwa amelipakata jiwe lake. Zamda alimkumbuka yule mzee wa Kasulu na mgongo wake ulivyotoka mlangoni. Alitamani asingekuwa anajua. Lakini kuisingizia karatasi hakuweza.

"Miaka sitini," akasema. "Huenda sitini na mmoja."

Ukumbi mzima ukakohoa kwa mpigo. Huko Ukongweni hivyo ndivyo watu wanavyopiga kelele. Binti mmoja wa Duara akaanza kulia.

Bwana Habuki akafungua sheria, akasoma kwa sauti isiyo na furaha. "Mstari ukibainika kuwa mpya kichwani, utafutwa pamoja na wote waliomo. Maana yake ni nyumba zote kumi na moja."

Bwana Torogo akasimama ghafla. "Hatukuomba hivyo! Jiwe letu lina miaka elfu mbili!"

"Jiwe halina shaka, Bwana Torogo. Shaka iko kwenu. Lakini ipo njia." Msajili akainama mbele, kwa wema kabisa. "Apa hapa kwamba ibada yenu haikupokea chochote kutoka Nyumba ya Duara. Nitauandika mstari upya kwa jina la Jiwe, miaka elfu mbili. Wale wengine watakaa chini yenu, na wote tutawaita Wajiwe. Ni rahisi."

Watu wakageuka kumtazama Torogo. Zamda alikuwa karibu naye, akaona vidole vyake vikilibana jiwe mpaka kucha zikawa nyeupe. Neno moja lingetosha: duara lingefutwa makaburini na alama ya kisima ingechongwa mahali pake, juu ya mke wake na juu ya wafu wa watu wa msitu, wa mwezi na wa mizimu ambao hawakuwahi hata kukiona kisima.

"Siwezi," akasema hatimaye. "Jina la Mama wa Kisima nimelitoa kwenye jiwe. Lakini namna ya kusimama mbele yake, namna ya kunyamaza kabla ya kulitaja, nilifundishwa na yule mama pale. Nikiapa kinyume, nitakuwa nimemdanganya mungu wangu kwa jina lake mwenyewe."

Akakaa. Bi Lindasa akanyanyuka taratibu, akiushika mgongo wa kiti.

"Nami niseme. Chai nilichemsha mimi, Bwana Faragi msimlaumu peke yake. Na wimbo wetu wa mavuno niliuokota kwa bibi yake huyu Torogo, alipokuwa akipepeta mtama uani. Sikumwomba. Na siku huyu aliponiambia nimelichezea jina la mungu wake, nilicheka. Sikupaswa kucheka."

Bwana Habuki akashika kalamu ili aufute mstari. Mkono wake ulikuwa mzito, ilionekana hataki. Zamda akajikuta amesema, bila kuulizwa na mtu:

"Samahani, Bwana Msajili. Mimi ni mgeni, pengine naropoka. Katika sheria yenu yote hakuna mahali pa mtu anayekubali kwamba yeye ni mpya?"

Kicheko kidogo kikapita ukumbini, kicheko cha aibu. Lakini Msajili hakucheka. Akaiweka kalamu chini, akanong'ona na karani, na karani akaingia ghalani. Akatoka na daftari jembamba, kavu, ambalo uti wake ulilia lilipofunguliwa. Kurasa zote zilikuwa tupu.

"Kipo kifungu cha kumi na tisa," akasema Bwana Habuki, na uso wake ulikuwa umeiva kwa haya. "Sijawahi kukisoma mbele za watu, kwa heshima. Imani mpya huandikwa humu kwa jina lake na kwa umri wake wa kweli. Huzika na kuozesha kama nyingine, na alama ni yake. Ila katika sherehe za nchi wafuasi wake hukaa nyuma kabisa, na huitwa Wachanga."

"Lina mistari mingapi?" akauliza Bi Lindasa.

"Hakuna aliyewahi kuihesabu, mama. Mingi."

"Yaani tujiandike wachanga wenyewe?" ikasema sauti kutoka nyuma, na watu wakakohoa kwa hasira. Katika nchi ile, kumwita mtu mwizi ni nafuu kuliko kumwita mchanga. Nyumba nne zikasimama pale pale na kutoka, zikisema bora kutokuwa chochote kuliko kuwa wapya. Nyumba nyingine zikabaki zinatazama sakafu.

Bwana Torogo ndiye aliyefika mezani kwanza. Karani akachovya kalamu kwenye wino, lakini yule bwana akaizuia kwa mkono.

"Waandike wao kwanza," akasema. "Ndio wakubwa wetu." Akageuka, akainamisha kichwa. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Torogo," akasema Bi Lindasa, na sauti yake ikakatika katikati ya jina.

Ikaandikwa: Nyumba ya Duara, miaka sitini. Kisha karani akauliza umri wa Watu wa Jiwe. Torogo akalitazama jiwe lake.

"Andika hivi. Mama wa Kisima, hatujui. Sisi, miaka ishirini na mitatu."

"Safu ina nafasi ya namba moja tu, bwana."

"Basi ipanue."

Karani akamtazama Msajili, Msajili akatazama dari. Karani akachukua rula, akaipanua safu.

Siku ile ziliandikwa nyumba saba. Haikuwa furaha tupu. Juma lile nusu ya watu wa Duara hawakufika ibadani, na mitaani watoto waliwaita wanywa chai. Yule binti aliyelia ukumbini alimkamata Zamda getini, akamuuliza, "Kwa hiyo niliyokuwa nayasema kila mwezi mpevu ni uongo?" Zamda akamjibu kwamba yeye anajua karatasi tu. Alipokwisha kulitoa jibu hilo akaliona dogo, akamfuata yule binti hatua chache barabarani, akamwambia yale Bi Lindasa aliyomwambia kuhusu kifo cha mumewe. Binti akasikiliza mpaka mwisho. Hakusema kama yamemtosha.

Siku moja kabla ya kuondoka, Bwana Torogo alimwalika Zamda makaburini. Ilikuwa asubuhi ya mawingu. Watu wa Jiwe walikuwa kama kumi na watano. Torogo alipiga magoti, akalifuta duara kwa patasi yake mwenyewe, polepole, bila chuki, kama mtu anayevua nguo ya kuazima ili airudishe. Kisha akachonga mdomo wa kisima na mistari mitatu ya maji.

Alipoinuka kupangusa vumbi, akaona watu nje ya ukuta. Bi Lindasa na shali yake ya kijani, na nyuma yake watu wa Duara wapatao ishirini. Walikuwa wamesimama kwenye geti, maana hakuna aliyewaalika. Wale wa Jiwe wakatazamana. Zamda akashusha pumzi, akangoja.

"Mbona mmesimama huko?" akaita Torogo, kwa ukali ule ule wa kusahihisha maneno ya watu. "Ingieni. Lakini hamwimbi."

"Hatuimbi," akasema Bi Lindasa.

Wakaingia mmoja mmoja. Kwa mazoea wakaanza kujipanga duara kulizunguka kaburi, miguu yenyewe ikijua pa kwenda. Bi Lindasa akawatazama, basi tu, akawatazama. Wakasita, wakajisogeza, wakachanganyika na wale wa Jiwe bila mpango, wakawa kundi la watu waliosimama makaburini.

Bwana Torogo akanyamaza kwa pumzi saba. Kisha akalitaja jina la Mama wa Kisima, hilo moja, peke yake.